Shofa wa 4x4, bagi na kwadi kazini: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Haya ni majibu kwa maswali ambayo mashofa, wasimamizi wa magari na mapatroni wanatuuliza sisi wakufunzi kabla ya kuingia kwenye mafunzo, wakati wa mafunzo, na hasa baada ya mtu kushindwa mtihani. Yanahusu watu wanaoendesha gari porini, shambani au mgodini kwa ajili ya kazi, hapa Lubumbashi na kwenye njia za kwenda Likasi, Kolwezi, Kipushi na Kasumbalesa.

Nina permi (leseni ya udereva) na nimeshika usukani miaka 20. Mnataka kunifundisha nini?

Swali hili ndilo la kwanza kila Jumatatu, na kwa kawaida anayeuliza ni mzee aliyekunja mikono kifuani. Permi yako tunaiheshimu, tena bila permi halali hatukuingizi. Ila permi inatoka kwenye sheria ya barabara, ile ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo shughuli yake ni barabara ya watu wote: alama, kupishana, nani apite kwanza. Siku ulipoipata hakuna aliyekuuliza utafanya nini injini ikizimika katikati ya kilima cha mawe, au ni wapi pa kufunga kamba ukitaka kumvuta mwenzako aliyenasa.

Mzee mmoja alikuja kwetu na miaka yake 22 ya usukani. Kwenye lami ni shofa ambaye ungemkabidhi watoto wako. Tukampeleka kwenye mteremko wa changarawe nje ya mji, akaingiza H4 (gia ya kuvuta kwa tairi nne), akakanyaga mafuta, tairi za nyuma zikaanza kuchimba kaburi. Mkufunzi akamwomba: "Papa, shuka uangalie vitovu vya magurudumu ya mbele." Vilikuwa kwenye FREE, yaani havijashikana na shafti za mbele. "Hiki kidude mimi huwa nakiosha tu," akasema. Miaka yote hiyo alikuwa na gari la kuvuta kwa tairi nne, naye akivutwa na mbili. Alicheka kuliko sisi sote.

Mnafundisha magari ya aina gani?

Aina tatu. Ya kwanza ni gari la 4x4 la kawaida: Land Cruiser pikapu, hardtop, Hilux na ndugu zao. Ya pili ni bagi, kile kigari kifupi chenye viti viwili au vinne, usukani, sanduku dogo nyuma na kizimba cha mabomba juu ya kichwa. Ya tatu ni kwadi, ile unayoipanda kama pikipiki lakini ina magurudumu manne na mpini badala ya usukani. Kila aina ina mafunzo yake na upimaji wake. Aliyefaulu kwenye Land Cruiser hajafaulu kwenye kwadi, hata kama kwake nyumbani ana pikipiki.

Bagi si gari tu, ila ndogo?

Hapo ndipo watu wanapoumia. Ina usukani, ina mkanda, ina pedali mbili, basi mtu anaikalia kama gari. Lakini ni nyembamba, tumbo lake liko juu sana kutoka ardhini, na tairi zake ni laini na pana. Kona ambayo pikapu inaikata bila shida, bagi iliyobeba mifuko 4 ya saruji nyuma inaweza kunyanyua gurudumu la ndani. Tena nyingi zina ekseli ya nyuma iliyofungwa: magurudumu mawili yanazunguka kwa mwendo mmoja, kwa hiyo ukikata kona kwenye ardhi ngumu inajisukuma kwenda mbele badala ya kugeuka.

Jambo la pili ni mikono. Bagi inapoanza kulala ubavu, mwili wa binadamu unataka kutoa mkono au mguu nje ili kuizuia. Chombo hicho kina mamia ya kilo. Kizimba kimewekwa kikulinde wewe ukiwa ndani, nacho hakina kazi yoyote ikiwa mkanda umeufunga nyuma ya mgongo ili kengele inyamaze. Tunamrudisha nyumbani siku ile ile mtu tunayemkuta na ujanja huo, na patroni wake tunampigia simu.

Kichuguu kinataka neno lake pia. Katika Haut-Katanga vichuguu vikubwa kila mtu anaviona. Vingine ni virefu kuliko nyumba. Vinavyoangusha ni vile vidogo vilivyofichwa na majani mwezi wa Februari, pamoja na visiki vya miti iliyokatwa kwa makaa. Gurudumu moja likipanda juu ya kichuguu na la upande wa pili likiingia shimoni, bagi imekwisha lala.

Na kwadi? Ninaweza kumbeba mwenzangu nyuma?

Kama kiti ni cha mtu mmoja, hapana. Kiti ni kirefu kwa sababu mwendeshaji anahitaji nafasi ya kusogea mbele akipanda kilima, nyuma akishuka, na pembeni akikata kona. Kwadi inaendeshwa kwa mwili. Ukiweka mtu nyuma, nafasi hiyo imekwenda, na uzito wake unanyanyua magurudumu ya mbele.

Zamani kulikuwa na za magurudumu matatu. Ziliangusha watu kiasi kwamba mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuziuza huko. Australia nayo, tangu Oktoba 2021, kwadi mpya ya kazi haiuzwi bila kifaa cha kumkinga mwendeshaji ikipinduka. Huku kwetu tunachodai ni kofia ngumu iliyofungwa kidevuni, buti, glavu na miwani. Kofia ya mgodi si kofia ya kwadi.

Upepo wa tairi ndio kosa ambalo karibu hakuna anayelijua. Tairi ya kwadi inataka upepo mdogo sana, mara nyingi chini ya nusu ya bari. Ukiipeleka kwa kwado, fundi wa tairi wa pembeni mwa barabara, anaijaza kama ya taksi, inakuwa ngumu kama mpira wa mchezo, na kila jiwe linairusha. Beba kipimo kidogo cha upepo mdogo; kile kikubwa cha lori hakisomi chini huko.

Mafunzo ni siku ngapi?

Shofa mzoefu wa 4x4: siku mbili, pamoja na upimaji. Asiyewahi kutoka kwenye lami: siku nne au tano. Bagi: siku moja na nusu. Kwadi: siku mbili, kwa sababu siku ya kwanza inaishia kwenye kumwondolea mtu mazoea ya pikipiki. Hatuweki zaidi ya wanafunzi watatu kwenye gari moja. Kampuni moja ilitaka tuwaweke kumi, "wataangalia wenzao". Anayeangalia anajifunza kuangalia.

Kwa nini asubuhi nzima ya kwanza hatuendeshi?

Mnakagua. Tunazunguka gari kwa miguu kabla ya kugusa ufunguo, upande ule ule kila siku, ili mkono uzoee: tairi na nati zake, matone ya mafuta chini, kioo, taa, honi, kamera kama ipo, kriki (jeki) na spana, kizima-moto, sanduku la dawa. Kisha bonneti: mafuta ya injini, maji, mkanda wa feni. Kisha ndani: breki ya mguu, breki ya mkono, mkanda wa kila kiti na kile kilicho sakafuni. Halafu unaandika kwenye daftari na kuweka sahihi.

Wakati wa kiangazi tunaongeza kitu kimoja: lala chini uangalie tumbo la gari. Majani makavu yanakusanyika juu ya bomba la moshi, na ukisimama dakika kumi kwenye majani mengine makavu na injini inawaka, una moto. Magari yameungua hivyo.

Sehemu ngumu ya somo hili haiko kwenye gari. Ni pale shofa anapoona breki haishiki na anatakiwa kumwambia shefu, "Gari hili halitoki leo." Tunaigiza kabisa. Mkufunzi anakuwa shefu mwenye haraka, anatazama saa, anasema mgeni anasubiri Luano uwanja wa ndege. Wengi wanaojua kila nati ya gari wanashindwa hapo.

H2, H4, L4: niingize lini?

Kwenye lami kavu ni H2, yaani tairi mbili za nyuma tu, basi. Sababu yake ichukue vizuri, kwa sababu ndiyo inayoua magari mengi ya kazi. Kwenye kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Land Cruiser ya kazi haina difu ya katikati, yaani gia inayoziacha shafti mbili zizunguke kwa mwendo tofauti. Ukiweka H4, shafti ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja na zinataka kuzunguka sawasawa. Kwenye matope au changarawe tairi inateleza kidogo na tofauti inaisha. Kwenye lami tairi haitelezi, kwa hiyo mvutano unajikusanya kwenye gia na shafti kama nguo inayokamuliwa. Usukani unakuwa mzito, na ukitaka kurudi H2 mti wa gia unakataa. Ukifika hapo usiupige ngumi: rudi nyuma mita chache gari likiwa limenyooka, utalegea wenyewe.

H4 ni ya barabara ya udongo inayoteleza, mchanga, changarawe iliyolegea. Iingize kabla ya matope. Shofa wa kweli anasimama mita 50 kabla ya dimbwi, anashuka, anafunga vitovu kwenye LOCK, anatazama, kisha anaingia. Wengine wanaingia kwanza, wakishazama ndipo wanashuka kufunga vitovu huku maji yakiwa magotini.

L4, tairi nne kwa gia nzito, ni ya nguvu na upole: kupanda pagumu, kushuka pakali, kuvuka mawe, kumvuta mwenzako. Gari linatambaa, injini inafanya kazi ya breki. Ukiwa L4 kwenye mteremko, mguu wa kushoto ukae sakafuni mbali na klachi. Ukikanyaga klachi umeitupa ile breki ya injini, na gari linaanza kukimbia wakati huo huo.

Kufuli ya difu, kama gari lako linayo: ifunge ukiwa umenyooka, mwendo wa kutambaa, kwa mita zile chache unazozihitaji, kisha ifungue. Ikiwa imefungwa usukani hautakusikiliza.

Injini ikizimika katikati ya kilima nifanye nini?

Breki ya mguu, breki ya mkono. Pumua. Ingiza rivasi kwenye L4, tazama vioo, kisha rudi nyuma polepole kwa njia ile ile uliyopandia, injini ikiwa imeshika. Usijaribu kugeuza gari. Ukigeuza, uko ubavu kwa mteremko, na ubavu ndio upande ambao gari linapindukia. Kwa sababu hiyo hiyo kilima kinapandwa na kushukwa kikiwa kimekunyookea. Hakikatwi kwa mshazari.

Tunalirudia zoezi hili mpaka watu wanachoka. Mwanafunzi mmoja alituuliza kwa nini tunazima injini yake mara 8 kwa asubuhi moja. Kwa sababu mara ya kwanza aliruka mlango.

Mvua na kiangazi, kipi kibaya zaidi?

Kila mtu anajibu mvua. Kuanzia Novemba hadi Machi udongo mwekundu unakuwa sabuni, hilo halina ubishi: punguza upepo wa tairi kama unaingia kwenye matope marefu, mpaka bari 1.5 hivi, endesha polepole, na ujaze tena kabla ya kurudi lami. Tairi iliyolegea kwenye lami kwa kilomita 80 kwa saa inaweza kupasuka.

Lakini mimi naogopa Agosti. Vumbi la lori lililo mbele linakufungia macho, nawe unadhani barabara iko wazi kwa sababu huoni kitu. Kwenye migodi, lori la maji linapita kuituliza vumbi, na dakika mbili baadaye barabara kavu ya kiangazi inateleza kuliko ya Januari, chini ya jua kali, mahali ambapo hakuna anayewaza utelezi. Ukiona barabara imegeuka rangi mbele yako, punguza mwendo kabla hujafika, usisubiri kukanyaga breki juu yake.

Mto umejaa juu ya barabara. Kina gani ninaweza kuvuka?

Kama huwezi kuuvuka kwa miguu ukishika fimbo, usiuvuke kwa gari. Maji yanayokimbia ya sentimita 30 yanaweza kulielesha gari dogo, na ya sentimita 60 yanasukuma magari mengi, hata makubwa. Bagi na kwadi ni nyepesi, hesabu yake iko chini zaidi. Kama maji yametulia na chini ni pagumu, ingia L4, gia ya kwanza au ya pili, mwendo wa mtu anayetembea, bila kubadilisha gia katikati. Injini ikimeza maji inavunjika ndani, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa. Ukitoka upande wa pili gusa breki mara kadhaa zikauke. Na kama maji ni ya kahawia na huoni chini, kaa ng'ambo yako mpaka yashuke. Mto Kafubu ukijaa haumsubiri mtu.

Gari limenasa na kamba ipo. Si tuvute tu?

Hapa nitakaa kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye njia ya vumbi upande wa Kambove, nilikuta pikapu mbili. Moja imezama hadi ekseli, nyingine inaivuta. Kamba ilikuwa ile ya kunyumbuka, nzuri, mpya. Walikuwa wameifunga kwenye bola la kuvutia trela. Nilikuwa bado nafungua mlango kuwapigia kelele. Bola likakatika, kamba ikalirudisha kama jiwe la manati, likapita kwenye kioo cha nyuma, likapita katikati ya viti viwili, likatoka na kioo cha mbele. Shofa alikuwa ameinama kuokota simu. Simu hiyo, ambayo kwenye mafunzo yetu ni kosa la kumwangusha mtu papo hapo, ndiyo iliyomwacha hai. Sijui nimwambieje Mungu kuhusu hilo.

Kwa hiyo: bola la trela halivutii gari lililonasa. Kamwe. Kamba inafungwa kwenye ndoano au tundu lililotengenezwa na kiwanda kwa kazi hiyo, likishikwa na boliti kwenye chasi. Kitanzi kidogo cha kufungia gari melini si tundu la kuvutia. Juu ya kamba tundika koti zito au mfuko wenye mchanga, ili ikikatika ianguke chini badala ya kuruka. Watu wote wasimame mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na wasisimame kwenye mstari wake. Anayetoa ishara ni mmoja tu. Porini wapo washauri 15, kila mmoja ana mkono wake hewani.

Na kabla ya kamba kuna koleo. Nusu saa ya kuchimba mbele ya tairi, kuweka matawi au mbao, na kupunguza upepo, inatoa magari mengi kuliko kamba. Mashofa hawapendi koleo kwa sababu linachafua shati.

Kriki ile ndefu ya mkono tunaifundisha kwa saa nzima peke yake. Mpini wake ukikuponyoka unavunja taya.

Mgodini kuna sheria gani za ziada?

Kila mgodi una zake, nasi tunafundisha zile ambazo utazikuta karibu kila mahali. Malori ya mgodi si malori uliyoyazoea. Caterpillar 777 inabeba tani 90 hivi, na aliyeikalia yuko juu sana kiasi kwamba pikapu yako ikiwa karibu na gurudumu lake la kulia haipo kwake. Hatakuona, hata ukipiga honi. Ndiyo maana una bendera ndefu yenye taa juu ya gari, una redio, na una umbali: migodi mingi inataka mita 50 kwa uchache. Ukitaka kumkaribia, mwite kwa namba yake, subiri ajibu, rudia alichosema, kisha songa. Kimya cha redio maana yake ni hapana.

Kuegesha: pua ya gari ielekee njia ya kutoka, magurudumu yawe kwenye mfereji au dhidi ya tuta, breki ya mkono, gia, kabari. Usiegeshe nyuma ya mashine yoyote hata kwa dakika moja ya kuchukua karatasi. Honi kwa kawaida ni moja kabla ya kuwasha injini, mbili kwenda mbele, tatu kurudi nyuma. Tuta la ukingoni liwe na kimo cha angalau nusu ya gurudumu la gari kubwa linalopita hapo. Ukiona limelegea au limebomoka, hilo unaliripoti, huendi kulichungulia. Na soma ubao wa mlangoni: duniani kuna migodi inayoendesha upande wa kushoto katika nchi za kulia, ili shofa wa lori aone vizuri ukingo wake.

Na barabara ya kwenda huko?

Kongo tunaendesha kulia, Zambia ni kushoto, na Kasumbalesa ndipo desturi hizo mbili zinapokutana, pamoja na foleni ya malori. Pikapu nyingi za mji huu usukani wake uko kulia. Shofa wa namna hiyo akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mpaka nusu ya gari iko nje. Akae nyuma mbali zaidi, na mwenzake wa kiti cha kushoto asimwambie "pita" wala asisikilizwe akisema.

Kisha kuna baiskeli za makaa. Zinaingia mjini alfajiri, mtu anasukuma magunia yaliyompita kimo, hana kioo, hawezi kusogea haraka wala kusikia. Mpe upana wa gari zima. Ukitoka kilomita 40 kwa saa kwenda 60, umbali wa kusimama kwa breki unazidi mara mbili, na kwa 60 unapita karibu mita 17 kila sekunde kabla mguu haujagusa pedali.

Tunaruhusiwa kubeba watu nyuma ya pikapu?

Hapana. Najua Lubumbashi nzima inafanya hivyo. Kazini, hapana.

Kuhusu mzigo: pipa la lita 1,000 za maji ni tani moja, na likiwa nusu ni baya zaidi, kwa sababu maji yanakimbilia upande ule ambao gari linalalia. Lijaze au litoe. Mzigo mzito ukae chini na mbele ya ekseli ya nyuma, umefungwa.

Upimaji wenyewe ukoje?

Sehemu tatu. Kwanza maswali 20 kwa mdomo au kwa maandishi. Pili ukaguzi, ambapo tumeficha makosa matatu. Tunalolipenda ni chupa tupu ya maji chini ya pedali ya breki, na ungeshangaa ni wangapi wanaiona wakaiacha. Tatu ni njia: kilima, mteremko, matope, kurudi nyuma kati ya mapipa, kuegesha, na kumnasua mwenzako. Mpima anakaa kimya. Kimya chake kinawatisha watu, lakini hajakasirika, anaandika.

Makosa madogo yanahesabiwa. Makubwa yanamaliza mtihani papo hapo: kuendesha bila mkanda, kugusa simu, kushuka bila kuvuta breki ya mkono, kukata mteremko ubavu, kukaribia mashine bila ruhusa, kuingia majini bila kuyapima, au jambo lolote linalomlazimisha mpima kuingilia kati.

Nikikosa, nitafukuzwa kazi?

Matokeo yetu ni mawili: "anaweza" na "bado". Bado ni neno zuri la Kiswahili, linaacha mlango wazi. Tunaandika ni nini hasa kilichokosekana, unarudia hicho, unapimwa tena na mtu mwingine. Tunamwomba mwajiri, kabla ya kuanza, akubali kwa maandishi kwamba "bado" ya kwanza haimfukuzi mtu. Asipokubali hatupimi, kwa sababu mpima anayejua kwamba kalamu yake itanyima watoto chakula ataandika "anaweza".

Mkufunzi anaweza kumpima mwanafunzi wake mwenyewe?

Hatupendi. Aliyekufundisha anaona bidii yako. Anayepima aone gari tu. Penye mkufunzi mmoja pekee, alete mpima kutoka mahali pengine pa kazi.

Je, mashefu na wahandisi nao wanapimwa?

Ndiyo, na hawa ndio wanaotuomba karatasi bila kuja. Shofa anaendesha kila siku na anajua gari lake. Mhandisi anachukua bagi Jumamosi jioni, peke yake, aende kuona pampu. Nani kati yao anahitaji mafunzo? Mkurugenzi mmoja alikuja, akakosa kwa sababu ya breki ya mkono, akarudi wiki iliyofuata na kufaulu. Tangu siku hiyo mashofa wake hawajatuuliza tena kwa nini wao wanapimwa.

Sertifika inadumu muda gani, na inanipa haki ya kuendesha popote?

Usichanganye karatasi tatu. Permi ni ya serikali. Sertifika ni yetu, inasema siku fulani, kwenye gari la aina fulani, uliweza. Ruhusa ya kuendesha ni ya mwajiri wako, kwa eneo lake la kazi na magari yake, naye anaweza kuiondoa asubuhi yoyote. Zote tatu zinahitajika pamoja. Tunashauri marudio kila miaka mitatu, na mapema zaidi kama umepata ajali, umekaa miezi mingi bila kuendesha, au umepewa gari la aina mpya.

Sijui kusoma Kifaransa vizuri. Nitafaulu?

Ndiyo. Tunafundisha kwa Kiswahili, na maswali yanaulizwa kwa mdomo kwa anayetaka. Alama za mgodini lazima uzitambue, hilo halina tafsiri, lakini alama ni picha na zinajifunzika kwa siku moja.

Wanawake wanakubaliwa?

Wapo, na wanafaulu. Mama mmoja wa kundi la mwaka jana alikuwa wa kwanza kuikuta ile chupa.

Nani analipa?

Mwajiri. Kama kampuni yenu inalipa mchango wa INPP (taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi), mwulizeni mkuu wa wafanyakazi ni mafunzo gani mnaweza kuyapata kwa mlango huo kabla ya kutoa dola nyingine.

Nije na nini siku ya kwanza?

Permi ya asili, si fotokopi. Buti zilizofunika kifundo cha mguu. Sandali zinarudi nyumbani na mwenyewe. Miwani yako kama unavaa. Maji ya kunywa, chakula, na shati ambalo hutaona huruma likichafuka. Tunaanza saa moja na nusu asubuhi kamili, mlango unafungwa saa mbili kasoro kumi. Kama jana usiku ulikunywa, tuambie mlangoni, tutakupangia Jumatatu nyingine bila maneno mengi.